Mguu wa Corinne Dane

Katika miaka yote aliyoanguka kwa niaba ya nyota wa sinema, Leota Stroud alikuwa amevunjika mbavu, kidole na pua, lakini hakuwahi kuharibu picha hata moja. Picha iliharibika kwa sababu moja: uso wa mbadala, yule anayeanguka badala ya nyota, kuonekana. Mtu angeweza kuporomoka kutoka mgongoni mwa farasi kwa ustadi wa kushangaza, lakini kamera ikidaka pua yake kwa nukta tu, mwongozaji alisema irudiwe, na aliyeanguka akaenda kuanguka tena. Ndiyo maana wanawake wa kazi ile, ambao walikuwa wachache kwa kuwa waongozaji wengi waliona afadhali wamvike mwanamume wigi, walijizoeza kuficha sura kwanza na kujiokoa baadaye.

Ijumaa ile alivaa gauni la kijani la Corinne Dane, nyota wa filamu ile, na wigi la dhahabu lenye umbo la nywele za Corinne Dane, akasimama juu ya ngazi za kasri zilizojengwa kwa mbao na kupakwa rangi ya marumaru. Upande wa ukutani ngazi zilikuwa zimelazwa mpira chini ya rangi, na huko ndiko alikopangiwa kubiringika. Alibiringika vizuri mpaka katikati. Hapo wigi likamlegea. Mkono wake ulikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, kushika nguzo ya ngazi au kufunika uso, na mkono haukumngoja yeye aamue. Ulifunika uso. Mwili ukayumba kuelekea upande wa nguzo, mguu wa kushoto ukaingia kati ya nguzo mbili na kukwama humo, na mwili ukaendelea na safari bila huo mguu.

Mwongozaji aliiacha kamera izunguke mpaka Leota alipofika sakafuni. Kisha akasema kwamba lilikuwa anguko zuri kupita yote aliyowahi kuyaona na kwamba halina haja ya kurudiwa. Alikuwa bado anapiga makofi wakati fundi wa taa alipoiona damu.

Pengine mambo yangeishia hapo, yawe ya Leota peke yake, kama nje ya lango la kampuni ya sinema pasingekuwa na mpiga picha wa gazeti. Yeye aliona gari la wagonjwa, akaona gauni la kijani na nywele za dhahabu zikiwa zimelala juu ya machela, akapiga picha. Kufikia asubuhi nchi nzima ilikuwa imeshaambiwa kuwa Corinne Dane amevunjika mguu akicheza mwenyewe mchezo wa hatari.

Harlan Pruitt, mkuu wa idara ya habari ya kampuni, alikuwa mtu wa sauti laini aliyependa kutafuna pipi za mnanaa. Kwa miaka mingi ndiye aliyewalisha waandishi hadithi kwamba Corinne Dane hana mbadala, kwamba kila anguko na kila mruko ni wake. Kukanusha picha ile kungekuwa kukiri uongo wote uliotangulia. Pruitt hakukanusha. Alimchukua Corinne akiwa mzima wa afya, akamlaza katika chumba kilichopakana na cha Leota, kwenye hospitali ileile ambako gari lilionekana likiingia, na akaagiza mguu wake mzima wa kushoto ufungwe plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Nyota akapewa chumba chenye dirisha linalotazama bustani ya michungwa. Leota aliandikishwa kuwa ni mtumishi wake.

Daktari wa zamu hakumzungusha Leota kwa maneno. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, uchafu wa sakafu ya studio ulikuwa umeingia, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Kama uozo ungepanda, mguu ungekatwa juu ya goti. Yeye mwenyewe hakuwa na ujuzi wa kuuokoa. Alimjua mtu mmoja tu mwenye ujuzi huo, Daktari Averill wa Boston, ambaye alikuwa akifungua miguu ya namna ile, akisafisha mpaka kwenye mfupa na kuushikiza kwa vyuma.

 Leota alikuwa amelelewa katika mashamba ya farasi huko Oklahoma na alipanda farasi kabla hajajua kufunga viatu vyake. Hakuwa na mume, hakuwa na urembo wa kuuza, na shule aliiacha mapema. Mwili wake ndio uliokuwa elimu yake yote. Aliuliza swali moja tu, kama mtu mwenye mguu mmoja anaweza kukaa juu ya farasi akikimbia. Daktari alitazama viatu vyake akasema kwamba angependa wasifike huko.

Kwa hiyo Pruitt alipokuja na habari kwamba Averill amekubali kupanda treni, Leota alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote wa kampuni.

"Anakuja kwa ajili yako, Leota," Pruitt alisema. "Magazeti yatasema anakuja kwa ajili yake. Waache waseme. Mimi na wewe tunajua."

Siku moja kabla daktari hajafika, mlango uliounganisha vyumba viwili ulifunguka na Corinne akaingia akiburuta plasta yake kama mtu aliyekanyaga ndoo.

"Shoga, umelala?"

"Nilale na mguu huu? Njoo ukae. Usikae kitandani tu."

Corinne alikaa kwenye kiti. Bila rangi ya uso alionekana mdogo na mchovu. Hawakuwa marafiki hasa, lakini Leota alikuwa amevaa nguo zake kwa muda mrefu kiasi kwamba alijua anavyotembea akiwa na hofu. Na sasa alikuwa na hofu. Alieleza kwamba Estelle Crandall, yule mwandishi wa umbea ambaye safu yake ilisomwa mezani wakati wa kifungua kinywa katika kila mji wa Amerika, alikuja kumjulia hali, na wakati wa maongezi redio ikapiga dansi. Corinne akajisahau. Vidole vya mguu uliofungwa plasta vikaanza kucheza. Estelle alivitazama vidole vile mpaka wimbo ukaisha. Kesho atakuwepo tena, pamoja na wenzake, kumwona daktari mkubwa akimpima. Na mkataba wa Corinne ulikuwa na kifungu kilichosema kuwa akiaibika mbele ya umma, kampuni inaweza kumtupa bila kumpa sababu nyingine.

"Umekufa mara ngapi kwenye sinema, wewe?" Leota akamwuliza. "Na kuumwa tu kunakushinda?"

"Kufa ni rahisi. Unafumba macho, wengine wanapiga muziki." Corinne akainama. "Nifundishe, Leota. Wewe unajua."

 Leota alihisi hasira ikimjia, kisha ikazimika, maana hasira nayo ilitingisha mguu. Alianza kusema polepole, kama anavyofundishwa mtu kupanda farasi mkali.

"Kwanza, usilie. Anayelia ana nafasi ya kulia. Maumivu haya hayakuachii nafasi. Yakizidi unakuwa mpole, unaomba radhi kwa kila kitu. Pili, usiuangalie mguu. Mguu uko palepale, haukimbii. Mwangalie kila anayesogelea kitanda. Kila mtu ni adui, hata yule aliyeleta maua, kwa sababu anaweza kugusa shuka. Na mtu akigusa kweli, usiruke. Maumivu yanafika kabla ya mkono. Unaacha kupumua akiwa bado mbali."

Corinne alijaribu. Mara ya kwanza alikuwa malkia anayekata roho, na Leota akamwambia aache upuuzi. Mara ya pili hakuwa mbaya. Leota akamsahihisha shingo, akamsahihisha mikono, akamwambia asikunje shuka bali alikunjue, kwa kuwa mgonjwa anahangaikia mambo madogo anayoweza kuyamudu. Walipofika mwisho, Corinne alisema, kama anayeongea na muuguzi, "Samahani, Dada, usijisumbue," kwa sauti nyembamba na iliyokauka, na nywele za Leota zikasimama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Basi," Leota alisema. "Watakuamini. Sasa na wewe nifanyie langu. Akishakupima, kabla hajatoka, mwambie kuna mtu chumba cha pili. Usimwachie Pruitt. Mwambie wewe."

"Nitamwambia. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama yako yuko hai, anauza kofia huko Duluth."

Corinne alicheka kwa mara ya kwanza. "Kampuni ilimzika kitambo. Wanasema watu wanapenda yatima. Haya, naapa kwa yeye aliye hai."

Walicheka pamoja, Leota akiwa ameushika mguu kwa mikono miwili ili usicheke naye.

Kesho yake asubuhi chumba cha Corinne kilijaa watu. Kupitia mlango ule mwembamba Leota alisikia viti vikiburutwa, balbu za wapiga picha zikipasuka, na Pruitt akiwaomba wasimchoshe mgonjwa. Kisha ikasikika sauti ya kizee, kavu, isiyopenda maneno mengi, na wote wakanyamaza. Leota alijiinua kwa viwiko. Alikuwa amemwomba muuguzi, Bi. Hanratty, amchane nywele na kumbadilishia shuka, ili daktari mkubwa asije akamkuta kama kitu kilichosahauliwa.

Averill aliomba picha ya eksirei ya mfupa. Karatasi zikachakarishwa.

"Hii ni ya mguu huu?" aliuliza.

"Ndiyo, Daktari," Pruitt akajibu.

Leota alielewa papo hapo. Plasta ya Corinne haikuwa na picha yoyote ya kuonyesha, kwa kuwa ndani yake hapakuwa na lolote la kupigwa picha. Walikuwa wamempa daktari picha ya mfupa wake yeye. Alitaka kupaza sauti, lakini alijizuia. Corinne alikuwa bado hajaongea, na alikuwa ameapa. Tena kukaa kimya wakati wengine wanapigwa picha ilikuwa tabia iliyomwingia Leota kuliko kupumua.

Daktari alisema vunjiko kama lile hajui lingeponaje bila kisu, na kwamba angependa plasta ifunguliwe aone mwenyewe. Hapo ndipo Leota alipomsikia Corinne. Hakulia wala kupiga kelele. Aliacha kupumua, hata chumba kikatulia, kisha akasema, kwa sauti ile nyembamba iliyokauka, "Samahani, Daktari. Usijisumbue. Nisamehe, tafadhali." Mtu mmoja upande wa wanahabari alivuta kamasi. Nadhani hapakuwa na mwigizaji mwingine mjini siku ile aliyefanya kazi yake vizuri kama Corinne Dane.

Averill akasema kwa upole ambao haukuwepo mwanzo. Wanaojifanya, alisema, humpigia daktari kelele. Huyu anaomba radhi, na wanaoomba radhi ndio aliojifunza kuwaheshimu. Aligusa vidole vya mguu, akakuta vina joto. Alinusa plasta, haina harufu. Damu inatembea, alisema, uozo hakuna, na baada ya kuiona ile picha hawezi kuliita jambo hili kwa jina lolote ila muujiza mdogo. Aliisifu hospitali. Alishauri mguu usiguswe kabisa. Kisha akauliza kama kuna jambo jingine, kwa kuwa treni yake haitamngoja.

Hilo ndilo swali ambalo Leota alikuwa amelilipia. Alisikia springi za kitanda cha Corinne zikilia, kama mtu anayegeuka kuelekea mlango. Alisikia kalamu ikiandika.

"Hapana, Daktari," Corinne alisema. "Asante sana."

Nyayo zilipofika kwenye ukumbi, Leota alipaza sauti kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Daktari Averill! Mguu kwenye picha ni wangu. Ingia uangalie. Ni wangu."

Nyayo zikasimama mbele ya mlango wake, na kwa kitambo kile kifupi alikuwa na mguu wake.

"Mtumishi wa Bi. Dane," ilisema sauti laini ya Pruitt nje ya mlango. "Alikuwepo wakati wa ajali, maskini. Tangu siku ile anadhani ni yeye aliyeumia."

Daktari akashusha pumzi. Alisema kwamba huruma ya namna hiyo ameiona vitani, kwa askari waliopoteza rafiki, na akaagiza apewe dawa ya usingizi. Nyayo zikaendelea.

Bi. Hanratty alikuja na sindano, akiwa amefumba midomo, macho mekundu. Leota alimwambia amkimbilie daktari, naye akajibu kwa kunong'ona kwamba ana mama mzee na hospitali hii inalishwa na kampuni. Aliomba asimchukie. Kabla hajaijaza sindano, mlango wa ukumbini ulifunguka na Estelle Crandall akaingia, mwanamke mnene aliyevaa kofia yenye manyoya ya kware, na Bi. Hanratty akatoka bila kuambiwa.

 Estelle alitazama gango lililoushikilia mguu, akatazama doa la manjano lililokuwa likipenya kwenye bandeji, akanusa hewa. Hakuwa mjinga. Leota aliona uso wake ukikamilisha hesabu, na tumaini likamjia, kwa kuwa sasa alikuwepo mtu mwenye uwezo wa kuisimamisha ile treni kwa simu moja.

"Pole, mpenzi wangu," Estelle alisema. "Unaitwa nani?"

"Leota Stroud."

"Leota Stroud," akarudia, kwa wema. Kalamu yake ilikuwa mkononi, na haikusogea. "Jina zuri. Pumzika."

Aliufunga mlango taratibu. Leota akasikia mlango wa chumba cha pili ukibishwa, na sauti ya Estelle ikisema kwa furaha kwamba yeye na Corinne wana mengi ya kuongea, na kwamba kuanzia leo, mpenzi, kila habari yako utaniambia mimi kwanza. Alikuwa amejipatia nyota wake mwenyewe. Habari inayochapishwa huisha kesho yake. Inayofichwa humfaa mwenyewe maisha yake yote, na Estelle hakuijenga safu yake kwa kuchapisha kila alichokijua.

Mguu ulikatwa juma lilelile.

Corinne alikuja mara moja tu, baada ya wanahabari kuondoka. Alisimama karibu na mlango, akalia sana, na safari hii alilia kwa kweli. Alisema Estelle alikuwa amekaa miguuni pake na kalamu. Alisema neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alisema kama angelisema, wote wawili wangepotea, na huenda hata daktari asingekubali kubaki. Leota alimwacha amalize.

"Wewe ungepoteza kazi," alimwambia. "Ungerudi Duluth ukauze kofia na mama yako. Ungeenda kwa miguu yako."

Corinne alinyanyua mkono kana kwamba angemgusa, akaacha. Hakurudi tena.

Siku ya kuruhusiwa waliondoka pamoja, kwa kuwa Pruitt hakutaka hospitali ibaki na mgonjwa wa kuulizwa maswali. Corinne alipangiwa mlango wa mbele, akiwa na magongo yaliyopakwa rangi nyeupe, kati ya umati uliokuwa umefurika mpaka barabarani. Leota alitolewa kwa njia ya jikoni, juu ya kiti cha magurudumu, akisukumwa na mtumishi mmoja wa hospitali aitwaye Ambrose, mwanamume wa makamo mwenye moyo mwema, aliyemfunika magoti kwa blanketi bila kukumbuka kwamba goti lilikuwa moja.

Jikoni hapakuwa na mtu. Wapishi wote walikuwa wamekimbilia mbele, na masufuria ya supu ya kuku yalikuwa yakichemka yenyewe. Ambrose alipunguza mwendo. Aliuliza kwa haya kama Bi. Stroud angejali kungoja kidogo tu, maana mke wake hatamsamehe akirudi nyumbani bila kumwona Corinne Dane kwa macho yake. Leota akamwambia aende.

Alipobaki peke yake aliishika meza ya kukatia nyama kwa mikono miwili, akajivuta mpaka akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza. Mwili uliojua kuangukia kila upande haukujua kusimama upande mmoja. Ulikuwa ukiutafuta ule mwingine, ukiuegemea, ukishangaa kuukosa. Jasho lilimtoka. Nje, mbali, umati ulipiga kelele, kisha ukanyamaza ghafla, wote kwa pamoja, kama wanavyonyamaza watu wanapomwona mwenzao akiteseka kwa ujasiri, kisha makofi yakaanza na hayakukoma kwa muda mrefu. Leota aliyasikiliza mpaka mikono ikachoka kumshikilia. Alijirudisha kwenye kiti, vibaya, akajigonga ubavu.

Ambrose alirudi akipangusa macho.

"Umemkosa, Bibi," alisema. "Mtu alisogea kumpa ua, yeye akaacha kupumua kabla hajafikiwa. Akamwomba radhi, eti. Yule mama ameumia kweli, anayeona anaona."

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Leota akasema.

Ambrose alicheka kidogo, kwa adabu, kama wanavyocheka watu mbele ya mgonjwa ambaye wameshaambiwa habari zake. Alimkaza blanketi vizuri pande zote mbili, akamsukuma kuelekea mlango wa nyuma, akimwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba hewa ya nje itamsaidia.